Nge wa Mbinguni na Nge wa Ardhini: Lugha ya Tabia katika Unajimu wa Waswahili

Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Nyota inayotajwa katika methali hiyo si kimulimuli cha mbinguni tu, bali ni dalili ya majaaliwa ya mtu, ya tabia yake na ya mwisho wake. Kutokana na maana hiyo yamezuka maneno mengi ya kila siku. Mtu anayekubalika na watu husemwa kuwa ana nyota. Mfanyabiashara ambaye wateja wamemkimbia husemwa kuwa nyota yake imefifia. Na wachumba wawili wasioelewana huelezwa kuwa nyota zao hazipatani. Hata asiyeamini unajimu hata kidogo huyatumia maneno hayo bila kusita, kwa kuwa yameshakuwa sehemu ya lugha.

Mhadhara huu unachunguza upande mmoja wa lugha hiyo, yaani namna tabia ya binadamu inavyoelezwa kwa kunasibishwa na nyota yake. Mfano uliochaguliwa ni nyota ya Nge, ambayo katika vitabu vya falaki huitwa Akarabu. Sababu ya uchaguzi huo ni kwamba hakuna buruji iliyotwikwa sifa nzito kama hii. Mwenye nyota ya Nge husifiwa kwa ujasiri, uthabiti na mapenzi ya kweli, na papo hapo hutuhumiwa kwa wivu, usiri na kinyongo. Sifa hizo zimetoka wapi? Je, zimetoka mbinguni, au zimetoka katika neno lenyewe? Swali hilo ni la kitaaluma, lakini si la kitaaluma peke yake, kwa kuwa wapo watu waliokosa ndoa na waliotiliwa shaka majumbani kwa sababu ya jibu lake.

Nyota, Buruji na Majina Yake

Kwanza inafaa kutenganisha istilahi. Neno falaki, katika matumizi ya wanazuoni wa pwani, limekusanya elimu mbili. Moja ni hesabu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota, ambayo kwayo hujulikana nyakati za sala, mwelekeo wa kibla, kuandama kwa mwezi na majira ya kusafiri baharini. Ya pili ni kutoa hukumu juu ya mambo ya watu kwa kutazama nyota hizo hizo. Wataalamu wa zamani hawakuzichanganya elimu hizo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika risala ya kuipinga elimu ya hukumu za nyota ilhali aliiheshimu elimu ya hesabu za mbingu, na Ibn Khaldun alitenga sura nzima ya Mukadima yake kwa kazi ya namna hiyo hiyo. Katika mhadhara huu neno unajimu litatumika kwa ile elimu ya pili.

Mduara wa mbingu ambao jua huonekana kuupita kwa mwaka mmoja umegawanywa katika sehemu kumi na mbili zilizo sawa, kila moja ikiwa na nyuzi 30. Kila sehemu huitwa buruji. Kiswahili kina orodha mbili za majina ya buruji hizo. Orodha ya kwanza ni ya Kiarabu kilichoswahilishwa: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Orodha ya pili ni ya Kiswahili cha magazeti na redio: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Orodha hii ya pili ndiyo iliyoenezwa na wanajimu wa zama za vyombo vya habari, ambao mashuhuri wao katika Afrika Mashariki alikuwa Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011.

Orodha hizo mbili hazilingani neno kwa neno. Hamali ya Kiarabu ni mwanakondoo, lakini katika orodha ya magazeti amekuwa Punda. Kausi ni uta, ilhali Kiswahili kimechukua mshale unaotoka katika uta huo. Wagiriki waliona katika buruji ya sita msichana bikira aliyeshika suke la nafaka. Waarabu walilibakiza suke na kumwacha msichana, na Waswahili wakafuata kwa kusema Mashuke. Mabadiliko haya yanaweza kuonekana kuwa madogo, lakini yana uzito mkubwa, kwa sababu buruji ikishabadilishwa jina hubadilika pia picha ya mtu anayenasibishwa nayo.

Nge ni miongoni mwa majina machache ambayo hayakupotea njiani. Wababeli, ambao katika karne ya tano kabla ya Kristo waliugawa mduara katika sehemu kumi na mbili, walimwita nge. Wagiriki walimwita nge. Waarabu walimwita nge. Na Waswahili wakamwita nge. Neno la Kiarabu lenyewe, lilipoingia katika Kiswahili, lilikuja na maana nyingine pia: akrabu ni mshale wa saa, yaani kile kijiti kinachozunguka na kuonyesha wakati, labda kwa kufanana kwake na mkia wa nge. Karibu yake limesimama neno akraba, maana yake jamaa na ndugu, ambalo limetoka katika mzizi mwingine kabisa wa Kiarabu. Waarabu wameichezea sauti ya maneno hayo mawili katika methali yao isemayo kwamba jamaa ni nge. Kwa hiyo, hata kabla ya mnajimu kufungua kitabu chake, neno hili lilikwisha kubeba tuhuma ya maumivu yatokayo karibu.

Nge Anavyoonekana Mbinguni

Tofauti na buruji nyingine ambazo nyota zake hazifanani kabisa na majina yake, Nge anaonekana. Katika majira ya kusi, hasa mwezi Julai na Agosti, mtu aliyesimama ufukweni Unguja, Lamu au Bagamoyo wakati wa jioni humwona juu upande wa kusini: kichwa cha nyota chache zilizojipanga, kiwiliwili, kisha mkia mrefu uliopinda na kuishia kwenye nyota mbili zilizokaribiana, ambazo Waarabu waliziita Shaula, yaani mkia ulioinuliwa. Katikati ya kiwiliwili inawaka nyota nyekundu ambayo Waarabu waliiita Kalbu Akarabu, moyo wa nge, na Wagiriki wakaiita Antares, yaani mshindani wa Mirihi, kwa kuwa wekundu wake unashindana na wekundu wa sayari hiyo.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walimjua Nge huyu kwa kazi na si kwa tabia. Katika dira ya nyota iliyotumiwa na manahodha wa Kiarabu, ambayo imeelezwa na Ahmad ibn Majid katika karne ya 15, mahali anapochomoza Akarabu palikuwa jina la kusini-mashariki, na mahali anapotua palikuwa jina la kusini-magharibi. Kwa nahodha, Nge hakuwa mwenye wivu wala kinyongo. Alikuwa alama ya njia, na ubora wake ulikuwa kwamba hadanganyi.

Tena macho ya mataifa hayakuona kitu kimoja. Wachina wa kale waliziingiza nyota hizi katika umbo la joka, na ile nyota nyekundu wakaiita moyo wa joka. Watu wa visiwa vya Polynesia waliuona ule mkia uliopinda kuwa ndoana kubwa ya kuvulia ya shujaa wao Maui. Wagiriki wenyewe walimwona nge mkubwa zaidi, kwani nyota ambazo leo huitwa Mizani walizihesabu kuwa magando yake. Jambo hilo limehifadhiwa hadi leo katika majina ya Kiarabu ya nyota mbili kuu za Mizani, ambayo maana yake ni gando la kusini na gando la kaskazini. Hivyo yule anayesifiwa kwa usawa na uadilifu kwa kuwa ni wa Mizani, amezaliwa juu ya magando ya Nge.

Njia Mbili za Kumpata Mwenye Nyota ya Nge

Katika jamii za Waswahili zimetumika njia mbili za kujua nyota ya mtu, na njia hizo hazina uhusiano wowote isipokuwa katika majina ya buruji.

Njia ya kwanza, iliyo kongwe zaidi katika pwani, ni ya hesabu ya abjadi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, na kuendelea mpaka ghaini ambayo ni 1000. Mnajimu huandika jina la mtu na jina la mama yake, hujumlisha thamani za herufi zote, kisha hugawanya kwa 12. Kinachobaki ndicho nambari ya buruji. Tuseme mtu anaitwa Omar na mama yake anaitwa Khadija. Herufi za Omar ni aini 70, mimu 40 na re 200, jumla 310. Herufi za Khadija ni khe 600, dali 4, ye 10, jimu 3 na he 5, jumla 622. Majina yote mawili hufanya 932. Ukigawanya kwa 12 unapata 77 na baki ni 8. Buruji ya nane ni Akarabu. Kwa hiyo Omar wa Khadija ni mtu wa Nge.

Sasa itazamwe hali ya ndugu yake, ambaye amezaliwa siku hiyo hiyo kwa mama huyo huyo na kupewa jina la Ali. Aini 70, lamu 30 na ye 10 hufanya 110. Ukiongeza 622 unapata 732, ambayo hugawanyika kwa 12 bila kubakiza kitu, na pasipobaki kitu huhesabiwa 12. Ali ni mtu wa Hutu, yaani Samaki. Kwa njia hii mapacha wawili wana nyota mbili, na baba yao ndiye aliyewagawia nyota hizo bila kukusudia, siku alipowapa majina. Vilevile, majina ya Kibantu yaandikwapo kwa herufi za Kiarabu huweza kuandikwa kwa namna zaidi ya moja, kwa kuwa sauti kama p, ch na ng' hazina herufi zake katika Kiarabu cha asili. Na kila tahajia hutoa jumla yake.

Njia hii ilikuwa na faida ya wazi katika jamii ambamo watu wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Jina la mtu na la mama yake yalijulikana. Siku aliyozaliwa haikujulikana ila kwa kukumbuka mvua kubwa, njaa au vita.

Njia ya pili ni ya tarehe. Mwenye kuzaliwa kati ya tarehe 23 au 24 Oktoba na tarehe 21 au 22 Novemba ni wa Nge, kwa sababu katika siku hizo jua huhesabiwa kuwamo katika sehemu ya nane ya mduara. Njia hii imeenea kwa magazeti, na umri wake si mkubwa kama watu wanavyodhani. Safu za nyota katika magazeti zilianza kushamiri Uingereza baada ya mwaka 1930, gazeti la Sunday Express lilipochapisha utabiri wa R. H. Naylor kwa mnasaba wa kuzaliwa kwa Princess Margaret. Kutoka huko safu hizo zilienea duniani, na zikatafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo.

Njia hii nayo ina tatizo lake. Mhimili wa dunia huyumba polepole mfano wa pia inayozunguka, na kwa sababu hiyo sehemu za mduara huachana na makundi ya nyota kwa kiasi cha uzi mmoja katika kila miaka 72 hivi. Jambo hilo lilitambuliwa na Hipparchus tangu karne ya pili kabla ya Kristo. Kwa mipaka ya makundinyota iliyokubaliwa na wanaastronomia wa kimataifa na kuchapishwa mwaka 1930, jua huwamo katika kundi la Nge kwa takriban juma moja tu, mwishoni mwa Novemba. Kisha huingia katika kundi la Mbeba Nyoka, ambalo halimo kabisa katika zile buruji kumi na mbili. Kwa hiyo wengi wa wale wanaoitwa watu wa Nge walizaliwa jua likiwa mbele ya nyota za Mizani.

Ikiwa njia ya jina na njia ya tarehe humpa mtu mmoja nyota mbili tofauti, na maelezo ya tabia ni yale yale kwa njia zote mbili, basi maelezo hayo hayakutokana na jina la mtu wala na tarehe yake. Yametokana na jina la buruji. Hapo ndipo mtafiti wa lugha anapopata kazi yake.

Sifa za Mtu wa Nge

Maelezo ya kawaida kuhusu mtu wa Nge yanaweza kufupishwa hivi. Ni mtu wa siri. Hujua mambo ya wenzake lakini yake hayajulikani. Hupenda kwa moyo wote na huchukia kwa moyo wote. Hana haraka ya kulipiza, lakini hasahau. Akishika jambo haachi mpaka limalizike. Ana macho makali yanayomchoma anayetazamwa. Haogopi hatari, haogopi maumivu, na humudu kazi zinazowashinda wengine, kama vile upasuaji, upelelezi na uaskari. Ni mwenye wivu, hasa katika mapenzi. Ukimtendea wema ni sahibu wa kufa na kuzikana. Ukimtendea ubaya, jihadhari.

Sifa hizi zina tabaka tatu. Tabaka la kwanza limetokana na sayari. Ptolemy, aliyeandika mjini Alexandria katika karne ya pili baada ya Kristo, aliihesabu buruji hii kuwa nyumba ya Mirihi, sayari ya vita. Humo ndimo ulimotoka ujasiri, uaskari na kupenda silaha zenye makali, na huo ndio msingi uliofuatwa na wanajimu wa Kiislamu kama Abu Ma'shar wa Balkh, aliyefariki mwaka 886, ambao elimu yao iliifikia pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya vitabu vya Kiarabu.

Tabaka la pili limetokana na tabia za asili nne. Akarabu huhesabiwa kuwa buruji ya maji, pamoja na Saratani na Hutu, na pia huhesabiwa kuwa buruji thabiti, isiyogeuka. Maji hufasiriwa kuwa hisia. Uthabiti hufasiriwa kuwa kushikilia. Hisia zilizoshikiliwa ni mapenzi yasiyokwisha, na ni kinyongo kisichokwisha. Hapo panaonekana jinsi sifa na kasoro zilivyo pande mbili za shilingi moja.

Tabaka la tatu ni jipya. Pluto ilipogunduliwa mwaka 1930, wanajimu wa Ulaya na Marekani waliikabidhi Nge, na kwa kuwa Pluto ni jina la mungu wa kuzimu wa Warumi, habari za siri, mauti na kuzaliwa upya zikatiliwa mkazo. Mwaka 2006 wanaastronomia waliiondoa Pluto katika safu ya sayari kuu na kuiweka miongoni mwa sayari kibete. Hata hivyo, hakuna sifa hata moja iliyoondolewa kwa mtu wa Nge kwa sababu hiyo.

Ni kweli kwamba tabaka hizo zimejengwa na watu wa zama mbalimbali. Lakini msikilizaji wa Kiswahili hazihitaji hata moja kati yake. Anaposikia neno Nge tu, maelezo hujijenga yenyewe, kwa kuwa mdudu huyo anamfahamu.

Sarufi na Sitiari

Nge wa ardhini hukaa chini ya mawe, ndani ya magogo na katika makuti ya mapaa. Hutoka usiku. Haonekani mpaka ameguswa, na akiguswa hupiga kwa mkia, kutoka upande asikotazamiwa. Kila moja ya tabia hizo imehamishiwa kwa binadamu: maficho yamekuwa usiri, usiku umekuwa mambo ya ndani, na mkia umekuwa kisasi. Hii ni sitiari ya kawaida kabisa, nayo haihitaji nyota.

Sitiari hiyo, hata hivyo, imechagua. Nge jike huzaa watoto walio hai na kuwabeba wote mgongoni mpaka wajichubue ngozi yao ya kwanza na kuweza kujitegemea. Wachache sana miongoni mwa aina zaidi ya elfu mbili za nge duniani wana sumu ya kumwua binadamu. Lau sitiari ingechukua mambo haya, mtu wa Nge angesifiwa kwa malezi na upole uliojihami. Lakini binadamu humkumbuka nge kwa mwiba wake, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sarufi ya Kiswahili nayo imeipa sitiari hii nguvu ambayo haipatikani katika lugha nyingi. Majina ya viumbe hai, yawe katika ngeli gani kwa umbo, huchukua upatanisho wa a- na wa- kama binadamu. Sentensi Nge hapendi kuguswa inaweza kusemwa juu ya mdudu au juu ya mtu, na hakuna kiambishi kitakachoonyesha tofauti. Ndivyo ilivyo pia kwa Simba, Kaa na Samaki. Lakini Mizani, Mshale, Ndoo na Mashuke si viumbe hai. Mwandishi hawezi kusema kwa ufasaha Mshale hapendi kuguswa. Hana budi kusema mwenye nyota ya Mshale, au aivunje sarufi. Neno mwenye hubakiza nafasi kati ya mtu na nyota yake, kwa kuwa mwenye kitu si kitu chenyewe. Kwa Nge nafasi hiyo hufutika. Mtu hasemwi tena kuwa ana nyota ya Nge. Husemwa kuwa yeye ni Nge.

Je, Sifa Hizo Zimethibitika?

Wengi husoma maelezo ya nyota zao na kusema kwamba yamewaelekea barabara. Ushahidi huo haufai kupuuzwa, unafaa kuelezwa. Mwaka 1948 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akiwaambia kwamba kila mmoja ameandikiwa yake kutokana na mtihani walioufanya. Kwa kweli wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka katika kitabu cha unajimu. Walipoulizwa yamewaelekea kwa kiasi gani, wastani wa alama walizotoa ulikuwa 4.26 kati ya 5.

Siri ya maelezo hayo imo katika muundo wa sentensi. Maneno kama mpole, lakini akichokozwa huwa mkali hayawezi kumkosa mtu, kwa kuwa hakuna asiye mpole wakati fulani wala asiye mkali wakati mwingine. Neno lakini ndilo linalofanya kazi yote.

Mwaka 1978 Hans Eysenck, pamoja na Jeff Mayo ambaye alikuwa mnajimu, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba waliozaliwa katika buruji za nambari witiri walijieleza kuwa wachangamfu zaidi kuliko wa buruji za nambari shufwa, Nge akiwa miongoni mwa hawa wa pili. Wanajimu walishangilia. Baadaye ilibainika kwamba tofauti hiyo huonekana kwa watu wanaozijua sifa za nyota zao, na hutoweka kwa wasiozijua. Watu hao hawakuwa wamefinyangwa na nyota. Walikuwa wamefinyangwa na habari za nyota. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambamo wanajimu walitakiwa kuchagua, kati ya maelezo matatu ya tabia, lile la mtu mwenye ramani ya nyota waliyopewa. Walipata karibu moja kwa tatu, kiasi ambacho angepata mtu anayebahatisha.

Athari kwa Watu

Inaweza kusemwa kwamba haya yote ni mchezo wa kupitisha wakati. Mfano wa China unaonyesha vingine. Buruji ya sita, ambayo Waswahili waliiita Mashuke, ilitafsiriwa kwa Kichina kwa neno lenye maana ya bikira, na neno hilo likazaa picha ya mtu mchaguzi, mwenye kinyaa na msumbufu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na Jackson Lu na wenzake ulionyesha kwamba watu wa nyota hiyo hubaguliwa katika uchumba na katika ajira. Watafiti hao walipopima tabia za Wachina zaidi ya 170,000, na utendaji kazi wa waajiriwa zaidi ya 32,000, hawakuona uhusiano wowote kati ya nyota na tabia, wala kati ya nyota na kazi. Ubaguzi ulikuwa wa kweli. Sababu yake haikuwa ya kweli. Na Mswahili wa Mashuke ameepukana na balaa hilo kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mfasiri wa zamani alilichukua suke na kumwacha msichana.

Mswahili wa Nge hakupata bahati hiyo. Katika uchumba, wazee wanapotazamia na kuambiwa kwamba nyota hazipatani, mara nyingi hakuna anayeuliza hesabu ilifanywaje. Katika nyumba yenye mke mwenza, mawifi au ndugu wa baba mbalimbali, mtu aliyekwisha kuitwa msiri na mwenye kinyongo huwa wa kwanza kutazamwa jambo baya likitokea. Akinyamaza, kimya chake ni usiri. Akilalamika, malalamiko yake ni kinyongo. Hana njia ya kuikanusha nyota yake, kwa kuwa kila atendalo huhesabiwa kuwa ushahidi. Na mtoto anayeambiwa tangu udogoni kwamba yeye ni Nge na hasahau ubaya, hufundishwa kutosahau.

Hitimisho

Hekima ya Waswahili haikuwahi kusema kwa sauti moja juu ya tabia. Methali moja hunena kwamba tabia ni ngozi, yaani haivuliki. Nyingine hunena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Unajimu wa magazeti umeichukua ile ya kwanza na kuiacha ya pili. Uchunguzi wa nyota ya Nge umeonyesha kwamba sifa za mwenye nyota hiyo hazikutoka katika zile nyota za majira ya kusi, ambazo manahodha walizitumia kwa uaminifu bila kuzishuku, bali zilitoka katika jina ambalo watu waliwapa, na katika lugha iliyolipa jina hilo upatanisho wa binadamu.

Hakuna haja ya kuyafuta majina hayo. Ni urithi wa kale, nayo yanaonyesha jinsi Babeli, Ugiriki, Uarabuni na pwani ya Afrika Mashariki zilivyofungamana. Kinachotakiwa ni kuyarudisha mahali pake. Nge abaki mbinguni, aonyeshe kusini-mashariki kwa wanaosafiri; na mtu ahukumiwe kwa matendo yake, aliyoyatenda kwa mikono yake, mbele ya wanaomjua.